Setilaiti 66 na pikipiki ya mjomba

Wiki mbili zilizopita mjomba wangu alinipigia simu kutoka Taita. Ana kibanda cha saiba kando ya barabara: kompyuta nne, printa moja, na foleni ya watu wanaotaka kujaziwa fomu za serikali. Baada ya salamu akaingia kwenye jambo lenyewe. "Wewe si umesomea kompyuta? Nataka kuuza pikipiki ninunue dishi la setilaiti, nisambaze intaneti kijiji kizima. Wanasema mambo ya minara na nyaya sasa yamekwisha. Unaonaje?"

Nilimwomba siku chache nifikirie. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na katika kazi hii kila mwaka kinakuja kitu kimoja ambacho tunaambiwa kitaua vyote vilivyotangulia. Nimezoea kucheka na kupita. Lakini pikipiki ya mtu si jambo la kucheka, na kukataa kila kitu kipya ni uvivu uleule wa kukubali kila kitu kipya. Kwa hiyo nikarudi kwenye kisa kimoja ambacho huwa nakikumbuka kila nikisikia kwamba mbingu zitatuokoa na matatizo ya ardhini. Ni kisa cha Iridium.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1985 mke wa Bary Bertiger, mhandisi wa Motorola, alikuwa likizoni katika visiwa vya Bahamas akashindwa kupiga simu ya kikazi. Akamuuliza mumewe kwa nini watu wenye elimu kama yake hawawezi kutengeneza simu inayofanya kazi popote. Mwaka 1987 Bertiger na wenzake wawili, Raymond Leopold na Ken Peterson, wakawa na jibu: setilaiti ndogo nyingi zinazozunguka karibu na dunia.

Hebu tuelewe kwanza kwa nini ziwe nyingi. Setilaiti za mawasiliano za kawaida wakati huo zilikaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Huko zinazunguka kwa mwendo unaolingana na wa dunia, hivyo ukiitazama kutoka chini ni kama imesimama mahali pamoja. Tatu tu zinatosha kufunika karibu dunia yote. Ubaya wake ni umbali. Sauti inachelewa, na simu ndogo ya mkononi inapata taabu kutuma mawimbi mpaka huko.

Iridium waliamua kushuka hadi kilomita 780. Hapo simu ya mkononi inafika. Lakini kitu kikiwa chini hivyo hakiwezi kusimama. Lazima kikimbie, kinazunguka dunia nzima kwa dakika 100 hivi. Setilaiti moja inapita juu ya kichwa chako kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha inazama. Lazima nyingine iwe imeshachomoza, na mazungumzo yahamishiwe huko bila wewe kujua. Hesabu ya kwanza ilitoa setilaiti 77, na ndipo jina lilipotoka, kwa sababu iridiamu ni elementi namba 77. Baadaye wakapunguza zikawa 66, jina wakaliacha.

Kama wewe ni mwandishi wa programu, mfumo huu utakupendeza tu. Setilaiti zilizungumza zenyewe kwa zenyewe. Kila moja iliweza kupokezana mawasiliano na majirani zake wanne, kwa hiyo simu ya nahodha katikati ya Bahari ya Hindi ilirukishwa kutoka setilaiti moja hadi nyingine mpaka ifike kwenye kituo cha ardhini. Kati ya Mei 1997 na Mei 1998 walirusha setilaiti 72, pamoja na za akiba, kwa safari 15 za roketi za Marekani, Urusi na China. Zilibuniwa zidumu miaka isiyofika kumi. Nyingi zilidumu karibu miaka ishirini.

Tarehe 1 Novemba 1998 huduma ikafunguliwa. Al Gore, makamu wa rais wa Marekani, ndiye aliyepiga simu ya kwanza, akimpigia Gilbert Grosvenor, kitukuu wa Alexander Graham Bell. Ilikuwa sherehe ya kihistoria. Tarehe 13 Agosti 1999, miezi tisa na siku chache baadaye, kampuni ikaenda mahakamani kutangaza kufilisika.

Nini kilitokea? Mitambo haikuharibika. Ingia ndani ya simu yenyewe. Ilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, na antena nene kama kidole gumba. Bei ilikuwa kama dola 3,000, na kila dakika ya maongezi ilikula dola kadhaa. Tena ilihitaji kuiona mbingu. Ndani ya jengo haikufanya kazi, ndani ya gari ilikuwa shida. Mteja waliyemlenga alikuwa mfanyabiashara anayesafiri nchi nyingi. Sasa mfanyabiashara huyo muda mwingi yuko wapi? Yuko hotelini, ofisini, kwenye teksi. Yaani simu iliyofanya kazi popote duniani ilishindwa mahali hasa alipokuwa mwenye pesa.

Kufikia mwisho wa Machi 1999 walikuwa na wateja kama elfu 10 tu, idadi iliyokuwa chini sana ya waliyowaahidi wakopeshaji wao. Mradi ulikuwa umemeza zaidi ya dola bilioni 5.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau. Mwaka huohuo wa 1987, mwezi Septemba, makampuni ya simu ya nchi 13 za Ulaya yalitia saini mjini Copenhagen makubaliano ya kujenga mtandao mmoja wa simu za mkononi wa mfumo wa GSM. Mshindani aliyekuja kuimaliza Iridium alizaliwa mwaka mmoja nayo. Iridium ilipofungua milango mwaka 1998, GSM ilikuwa imeshapita wateja milioni 100.

Tofauti ya hao wawili, kwa maoni yangu, ndiyo siri ya kisa chote. Mnara unaujenga mmoja mmoja. Unaanza pale penye watu, unakusanya pesa, unajenga wa pili. Ukikosea mahali, umepoteza mnara mmoja. Setilaiti zinazokimbia hazikupi nafasi hiyo. Iridium hawangeweza kufunika Nairobi kwanza kisha wafikirie Voi baadaye. Setilaiti inayopita juu ya Nairobi saa hii itakuwa juu ya bahari baada ya muda mfupi, na sehemu kubwa ya dunia ni maji. Kwa hiyo iliwabidi kununua dunia nzima, pamoja na bahari zote, ndipo wauze dakika ya kwanza. Tena iliwabidi kukisia mwaka 1987 kile ambacho mteja atataka mwaka 1998. Miaka kumi na moja! Sisi tukikisia miezi sita tunakosea.

Nasema haya nikijijua. Mimi mwenyewe nilitumia mwaka mzima kuandika programu ya kuwekea hesabu za chama cha mama na wenzake. Ilikuwa safi, ina grafu za kila rangi. Nilipoimaliza, walikuwa wameshazoea daftari na kundi la WhatsApp, na mweka hazina akaniambia kwa upole, "Baba, ni nzuri, lakini hili daftari haliishi chaji."

Haya, turudi angani. Hapa wakosoaji nao wanapaswa kunyamaza kidogo. Mwaka 2000 Motorola ilitangaza mpango wa kuzishusha setilaiti zote ziungue hewani. Kabla haijafanyika, Desemba mwaka huo wawekezaji wakiongozwa na Dan Colussy wakanunua kila kitu kwa kama dola milioni 25, na jeshi la Marekani likatia mkataba wa dola milioni 72. Piga hesabu: ni kama nusu senti kwa kila dola iliyotumika. Mitambo ni ileile, setilaiti ni zilezile, lakini deni halipo. Na ghafla biashara ikakubali. Mabaharia, marubani, wachimba migodi na wafanyakazi wa misaada walikuwepo siku zote, ila hawakutosha kulipa dola bilioni 5. Wateja wakapita milioni 1 mwaka 2018, na kati ya 2017 na 2019 kampuni ikarusha kizazi kipya cha setilaiti.

Kwa hiyo aliyesema simu ya setilaiti itachukua nafasi ya simu zote alikosea, na aliyesema ni upuuzi mtupu alikosea pia. Chombo kilikuwa na kazi yake. Ukubwa wa ahadi ndio uliowazamisha walioilipia.

Ndugu zake Iridium waliteseka vilevile. Teledesic, mradi wa intaneti uliomhusisha Bill Gates, ulitangaza mwaka 1994 kwamba utarusha setilaiti 840. Zikapunguzwa kwenye karatasi hadi 288. Ikarushwa moja ya majaribio mwaka 1998, na mwaka 2002 kazi ikasimama.

Sasa tuko na Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, na lazima niwe mkweli: hii si Iridium. Wana roketi zao wenyewe zinazorudi na kutumika tena, na wanauza intaneti, ambayo kila mtu anaitaka. Lakini setilaiti zake nazo zinakimbia, na eneo moja chini lina kiasi chake cha mawasiliano cha kugawana. Novemba 2024 walisimamisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilijaa, wakafungua tena mwaka 2025. Mbingu zinagawa sawa kwa mji na kwa pori, na mjini ndiko kwenye watu.

Nilimpigia mjomba Jumapili. Nilimwambia kwamba kwa Taita dishi linaweza kuwa zuri kuliko kwa Nairobi, kwa sababu majirani wa kugawana nao ni wachache. Nikamwambia hasara ya kurusha setilaiti si yake, ni ya mwenye roketi. Yake ni dishi, ada ya kila mwezi, na leseni, maana kuuza intaneti kunasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Halafu nikamuuliza yale ambayo Iridium hawakujiuliza vizuri. Wateja wako watakuwa wamekaa wapi wakitumia hiyo intaneti, na kila mmoja atalipa shilingi ngapi? Na faiba iko umbali gani?

Akakaa kimya. Kisha akasema nguzo za faiba zimefika shule ya sekondari, na kutoka pale hadi kibandani ni kilomita tatu.

"Zilichukua muda gani kufika hapo kutoka barabara kuu?" nikamuuliza.

"Ngoja," akasema. "Nitaenda kumuuliza yule kijana anayezifunga." Nikasikia pikipiki ikiwashwa.