Simu na redio mbovu: tenga vipuri kabla ya kuuza

Msikilizaji, redio au simu iliyokufa bado ina mali ndani yake. Ukiiuza nzima, mara nyingi mnunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa bei ya chuma, na shaba iliyomo inakwenda bure. Tenga hivi:

Nyaya na koili za transfoma. Hii ni shaba. Menya waya kwa kisu, usiuchome moto. Moshi wa plastiki ni sumu, na shaba iliyoungua hushuka bei.

Bodi. Zina shaba, fedha na dhahabu kidogo sana: ya simu moja haifikii hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Usijaribu kuitoa kwa asidi nyumbani, mvuke wake huunguza mapafu. Ziweke nzima kwenye boksi kavu.

Vipuri vizima. Spika, swichi na mota weka kila aina kwenye kopo lake lenye kifuniko, uandike jina. Mafundi huvihitaji.

Betri za simu. Ziba ncha kwa selotepu, zifukie kwenye ndoo ya mchanga mkavu, kivulini, mbali na chumba cha kulala. Iliyovimba usiitoboe, inaweza kuwaka moto.

TV ya kichogo usiifungue. Kioo chake kina madini ya risasi, na umeme unaweza kubaki ndani hata ukishachomoa waya. Mwachie fundi.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, na weka vyote mbali na watoto.