Buluu ya Jingtai: kazi ya shaba iliyobaki bila mfalme

Wenzangu, leo mnivumilie kidogo, nitawapeleka mbali. Sisi watu wa Katanga tunapenda kusema tunajua shaba. Tunajua bei yake, tunajua malori yanayopanga mstari pale Kasumbalesa, tunajua nani amepata kazi kwenye mgodi na nani bado anangoja na diplome yake kwenye bahasha. Lakini uliza: shaba ikishavuka mpaka inakuwa nini? Wengi tutajibu waya za umeme, betri, basi. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka siku moja wakati wa masomo yangu ku Beijing niliposimama nyuma ya mama mmoja mwenye kibano mkononi.

Alikuwa na waya bapa wa shaba, mwembamba sana. Akaukunja kwa kibano mara mbili tatu, ukawa jani la ua. Akalichovya kwenye gundi, akalisimamisha kwa ubavu juu ya chombo cha shaba chenye shingo ndefu. Kisha jani la pili. Kisha la tatu. Hakuinua kichwa. Chombo kizima kilipaswa kufunikwa hivyo, maelfu ya vipande, na kila kipande kinakunjwa kwa mkono.

Kazi hiyo Wachina wanaiita jingtailan, yaani buluu ya Jingtai. Jingtai ni jina la utawala wa mfalme mmoja wa ukoo wa Ming, miaka ya 1450 mpaka 1457. Inafanywa hivi. Kwanza fundi anaponda bamba la shaba kwa nyundo mpaka linapata umbo la chombo. Waya zinabandikwa kwa gundi ya mzizi wa mmea mmoja unaoitwa baiji, kisha zinaunganishwa kwa moto: gundi inaungua, waya zinabaki zimeshika. Sasa chombo kimejaa vyumba vidogo vidogo, sawa kiwanja kilichogawanywa. Ndani ya kila chumba wanatia unga wa kioo wenye rangi uliochanganywa na maji, wanachoma kwa joto la digrii karibu 800. Unga ukiyeyuka unashuka, chumba hakijai. Wanatia tena, wanachoma tena, mara tatu, mara nne. Mwishoni wanasugua kwa jiwe na makaa mpaka kioo na waya vinakuwa sawasawa, na zile waya zinapakwa dhahabu. Zamani dhahabu hiyo ilichanganywa na zebaki, na zebaki ikafukuzwa kwa moto. Fundi aliyekaa juu ya ule moshi alilipa kwa mwili wake. Kwenye kabati la makumbusho hiyo sehemu haionekani.

Sasa rangi. Ile buluu nyepesi inayoelekea kijani, inayofunika mgongo wa vyombo vingi, inatoka kwenye oksidi ya shaba. Buluu nzito, ile ya usiku, inatoka kwenye kobalti. Soma tena hapo: shaba chini, shaba katikati, shaba na kobalti juu. Mtu wa Kolwezi anaweza kucheka. Lakini tusijidanganye, bo, shaba ya wafalme haikutoka kwetu. Ukoo wa Qing ulinunua shaba Japani, kisha ukachimba kwa nguvu kwenye jimbo lake la Yunnan. Sisi tumeingia kwenye hadithi hii juzi tu, kama wauzaji wa udongo.

Na kuna jambo lingine ambalo waongoza watalii wanapenda kuliruka. Kazi hii yenyewe ilitoka nje. Njia ya kutenga rangi kwa waya ilijulikana Bizanti na kwenye nchi za Waislamu kabla ya Uchina kuipata, pengine wakati wa utawala wa Wamongolia. Mwaka 1388 mwandishi mmoja, Cao Zhao, alitoa kitabu cha kuwaongoza watu wanaonunua vitu vya zamani. Vyombo hivi aliviita vya Dashi, yaani vya Waarabu, akasema vinafaa kwenye chumba cha wanawake, havifai kwenye chumba cha msomi. Kumbe! Kitu ambacho leo kinatolewa zawadi kwa marais kilianza kwa kudharauliwa kama mapambo ya wageni. Miaka chini ya 50 kisha hapo, wakati wa mfalme Xuande, karakana za ikulu zilikuwa tayari zinaandika jina la mfalme chini ya vyombo hivyo. Jina la Jingtai nalo likapata sifa kubwa hata wafanyakazi wa vizazi vilivyofuata wakaligonga kwenye vyombo vipya ili vionekane vya zamani. Vyombo vingi vyenye jina hilo si vya miaka ile.

Chini ya Qing, mfalme Kangxi alipanua karakana za ndani ya ikulu, zinazoitwa Zaobanchu. Huko walikuwa mafundi wa jade, wa pembe, wa laka, wa saa, wa enameli. Kangxi aliona enameli ya kuchorwa kwa brashi kutoka Ulaya akaitamani sana. Akawaamuru wamisionari wawili Waitalia, mchoraji Castiglione na padri Matteo Ripa, waifanye. Ripa mwenyewe alisimulia baadaye: hawakutaka kukaa kutwa kwenye karakana, basi wakachora vibaya kwa makusudi mpaka mfalme akachoka akawaacha. Hiyo mbinu naona tunaijua vizuri huku kwetu.

Mtoto wake Yongzheng hakudanganywa rahisi. Karakana ziliandika kila kazi kwenye daftari: nani ameagiza, siku gani, mfalme amesema nini. Daftari hizo zipo mpaka leo. Mwaka 1727 Yongzheng analalamika kwamba kazi za siku hizi zina ujanja mwingi lakini zinanuka mtindo wa nje, hazina tena sura ya ikulu. Kwa mwanahistoria hizo daftari ni mali kuliko vyombo vyenyewe. Sisi wahunzi wetu waliyeyusha shaba wakaimimina misalaba, misalaba hiyo tumeikuta makaburini karibu na ziwa Kisale, lakini hakuna mtu aliyeandika bwana fulani alisema huu umepinda, rudia.

Mwaka 1912 ufalme ukaanguka. Mfundi wa ikulu afanye nini bila ikulu? Tayari kulikuwa na karakana za watu binafsi mjini, zikiuzia wageni. Vita vikafuata, soko likafa, na ilipofika 1949 kazi ilikuwa imebaki kwa mafundi wachache waliorudia michoro ileile.

Hapo anaingia Lin Huiyin. Alikuwa msanifu wa majengo na mshairi, na pamoja na bwana yake Liang Sicheng walishiriki kuchora nembo ya taifa jipya. Kifua kikuu kilikuwa kinamla. Mwaka 1951, kwenye iniversite ya Tsinghua, akakusanya kikundi kidogo cha wasichana, Qian Meihua, Chang Shana na Sun Junlian, vijana wa umri wenu kabisa, akawatuma kwenye karakana. Wazee walikuwa na mikono, wasichana walikuwa na michoro. Chang Shana alikuwa amekulia Dunhuang, kwenye mapango yaliyochorwa, akaleta maua ya huko. Lin alifariki 1955. Mwaka uliofuata karakana ndogo 42 ziliunganishwa kuwa kiwanda kimoja cha enameli cha Beijing, na Qian Meihua alifanya kazi hiyo maisha yake yote. Mwaka 2006 jingtailan iliingia kwenye orodha ya kwanza ya urithi wa taifa.

Kwenye orodha hiyohiyo iliingia kazi ya kuchonga pembe za ndovu. Hapo roho yangu inagawanyika. Al-Masudi aliandika katika karne ya 10 kwamba pembe za pwani ya Zanj zilipita Oman kwenda India na Uchina. Na hiki Kiswahili ninachokiandika kilifika mashariki ya Kongo kwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Mwisho wa 2017 Uchina ilifunga biashara ya pembe ndani ya nchi. Mafundi waliosomea kazi hiyo miaka mingi walibaki na mifupa na pembe za mamuthi. Ninawaonea huruma, lakini kama ni kuchagua kati ya patasi yao na ndovu wa Salonga, mimi niko na ndovu.

Shaba haina shida hiyo. Shida yake ni vijana. Nilimwuliza yule mama, kupitia mwenzangu aliyetafsiri, mtu anajifunza kukunja waya kwa muda gani. Akaonyesha vidole vitatu. Nikasema miezi? Akacheka, akarudi kwenye jani lake.