Misumari na kalafati katika majahazi ya mizigo

Mbao za jahazi hushikwa kwa misumari ya chuma. Fundi hutoboa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, kisha hupigilia msumari hadi kwenye taruma. Mianya huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kazi iitwayo kalafati. Mitepe ya zamani ya Lamu ilishonwa kwa kamba za usumba.

Adui wa mwenye mzigo ni kutu. Maji ya chumvi hula msumari ndani ya ubao huku kichwa kikionekana kizima. Uliopakwa zinki hudumu zaidi. Kabla ya kupakia saruji au sukari, ngama ikaguliwe: madoa ya kutu, na maji yanayorudi upesi baada ya kutolewa, ni dalili kwamba chombo kinatakiwa kupandishwa ufukweni.