Santuri na Safari ya Kiswahili: Nyimbo Zilizovuma Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kutoka Nairobi na Katanga hadi Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Historia ya kuenea kwa Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata nyayo za kamati, shule na misheni. Makala haya yanafuata njia nyingine: santuri zilizovuma kati ya 1945 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, zikitazamwa kutoka Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba soko la santuri lilikipa Kiswahili hadhi ambayo serikali za kikoloni hazikukipa, tena bila kukidai kisanifishwe kwanza. Urithi huo sasa unahitaji sera ya pamoja ya kanda.

1. Utangulizi

Aliyesimama Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, akatazama magharibi, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wakati mji huu ukiitwa Usumbura, ziwa hilo lilikuwa barabara yake kuu. Meli ziliuunganisha na Kigoma, mwisho wa reli iliyotoka Dar es Salaam tangu 1914, na pia Albertville, leo Kalemie, ambako ilianzia njia ya kuelekea Katanga. Kwa hiyo mji ulikaa kati ya pande mbili za Kiswahili: Kiswahili cha Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Waingereza, na Kiswahili cha Kongo.

Hata hivyo, katika Ruanda-Urundi lugha hii haikuwa na mlezi rasmi. Shule zilifundisha kwa Kirundi, Kinyarwanda na Kifaransa. Kiswahili kiliachiwa soko, bandari na mitaa kama Buyenzi, na wamisionari wengi walikitilia shaka kwa sababu ya uhusiano wake na Uislamu. Swali linalotuongoza ni hili: lugha isiyokuwa na darasa wala kamati ilipata wapi sura ya lugha ya mjini na ya kisasa? Sehemu ya jibu imo katika santuri.

2. Askari, gitaa na lebo

Santuri za Kiswahili hazikuanza baada ya vita. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV. Kuanzia 1933, kampuni hiyohiyo ilileta barani mfululizo wa santuri za GV, uliozoesha masikio ya Waafrika wengi midundo ya Kuba. Kilichobadilika baada ya 1945 ni watu wenyewe na miji yao. Vijana wa jeshi la King's African Rifles walikuwa wamepelekwa hadi Burma, na kikosi cha burudani cha jeshi hilo kilikuwa na wanamuziki walioimba kwa Kiswahili mbele ya askari wa makabila mengi. Mmoja wao alikuwa Fundi Konde wa pwani ya Kenya, ambaye baada ya vita akawa miongoni mwa sauti maarufu zaidi za santuri za Afrika Mashariki. Kikosi hicho kiliongozwa na Peter Colmore, aliyekuja kuwa mfanyabiashara mkubwa wa burudani na matangazo jijini Nairobi.

Jambo la kuzingatia hapa ni la kibiashara. Mwenye lebo ya Nairobi au Mombasa alitaka santuri moja iuzwe Kampala, Dar es Salaam na kwingineko. Wimbo wa lugha ya kabila moja ulikuwa na wanunuzi wake waaminifu, lakini wa Kiswahili ulivuka mipaka. Muda wa santuri nao ulikuwa mfupi, takriban dakika tatu kwa kila upande, na ulimlazimu mtunzi asimulie kisa chake kwa maneno machache yanayoshikika upesi. Hivyo faida na ufundi vilikubaliana kuichagua lugha hii.

3. Katanga: lugha isiyoomba ruhusa

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, alimrekodi Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, leo Likasi. Mwenda alikuwa kijana aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Rekodi yake ya "Masanga", iliyotolewa kwa lebo ya Gallotone, ilienea mbali sana na migodi ya Katanga, na baadaye mtaalamu David Rycroft akaandika uchambuzi wa kina wa upigaji wake wa gitaa.

Wachambuzi wengi wamevutiwa na vidole vya Mwenda. Wanaisimu wana sababu ya kuvutiwa pia na kinywa chake. Kiswahili cha Katanga si kile kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928 na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa 1930. Ndani yake kiambishi wa- huwa ba-, na sarufi yake imeumbwa na wafanyakazi wa migodi na reli waliotoka sehemu nyingi. Kamati ingekisahihisha. Santuri ilikichukua kama kilivyo na kukiuza.

Mwaka 1959 Mwenda alikwenda Nairobi, ambako alitumiwa kutangaza dawa ya Aspro. Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, alifuata njia hiyohiyo. Tukio hilo dogo lina uzito: Kiswahili cha Kongo kilipanda jukwaa la Nairobi bila mkalimani, miaka mingi kabla ya chombo chochote cha kanda kufikiria kuzileta pamoja lahaja za nchi hizi.

4. Mipaka ya hoja

Ni lazima hoja hii iwekewe mipaka. Kuvuma kwa wimbo si ushahidi kwamba lugha yake imeenea. "Marie-Louise" wa Wendo Kolosoy, uliorekodiwa mwaka 1948 kwa lebo ya Ngoma ya Léopoldville, uliimbwa kwa Kilingala na ukapendwa hata na wasiokijua. Masikio hutangulia, ufahamu hufuata, na pengine haufuati kamwe. Kwa hiyo hatudai kwamba santuri zilifundisha Kiswahili. Tunadai jambo dogo zaidi: kwa msikilizaji wa Usumbura ambaye tayari alikizungumza, zilithibitisha kwamba lugha yake ya sokoni ilikuwa pia lugha ya mapenzi, ya mavazi mapya na ya safari, na kwamba ilikuwa na zaidi ya sura moja halali.

5. Nani alifaidika?

Wanamuziki wengi wa enzi hiyo walilipwa mara moja tu, wakaondoka studio bila haki iliyoandikwa. Matokeo yake yanaonekana katika "Malaika". Fadhili William aliurekodi nchini Kenya, Miriam Makeba akaufikisha kwa ulimwengu, na Boney M wakauimba mwaka 1981. Lakini Adam Salim alisema kuwa aliutunga mwaka 1945. Ubishi huo haujawahi kumalizika kwa namna inayoridhisha wote. Pasipo mkataba, kumbukumbu hubaki shahidi pekee, na mashahidi wanazeeka.

6. Hitimisho na mapendekezo

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Kwa mara ya kwanza, kingo zote za Ziwa Tanganyika isipokuwa ile ya Zambia zimo katika jumuiya moja. Nafasi hiyo itumike kwa mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar iyahesabu maneno ya santuri hizi kuwa data ya lugha, sawa na vitabu. Pili, nchi wanachama zikubaliane kupata nakala za rekodi zilizohifadhiwa nje, kama zile za maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, na za jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Tatu, kabla ya nakala hizo kufunguliwa kwa umma, warithi wa waimbaji watafutwe na haki zao ziandikwe.

Pendekezo la tatu ndilo la haraka zaidi. Santuri iliyohifadhiwa vizuri inaweza kungoja miaka hamsini mingine. Mzee anayejua ni nani aliyetunga wimbo hawezi.