Hazina, Baraza na Daftari: Sheria za Mahakama katika Tanganyika tangu 1929

Wanahistoria wa sheria wamezoea kuyatenga mambo matatu: fedha za mahakama, nyumba zake na maandishi yake. Kwa mchunguzi wa lugha mambo haya hayatengeki, kwa kuwa aliyemlipa karani ndiye aliyekuwa na sauti juu ya daftari liandikwe kwa lugha gani na liwekwe wapi.

Neno baraza lenyewe latuonyesha njia. Pwani, asili yake ni kikalio cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kupokea wageni na kusikiliza mashauri. Baadaye likawa jina la nyumba ya hukumu, kisha la mahakama yenyewe. Wajerumani nao walilichukua neno shauri wakalitia katika lugha yao ya utawala, na kitabu cha kesi wakakiita Schauribuch.

Mwingereza alipoitawala nchi, Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliweka utawala wa kupitia wakubwa wa kienyeji. Sheria ya 1926 ikazipa mamlaka za wenyeji nguvu, na ile ya mahakama za wenyeji ya 1929 ikaziondoa mahakama hizo katika uangalizi wa Mahakama Kuu. Tangu hapo rufani ilipanda kwa maofisa wa wilaya na wa jimbo, hata ikamfikia Gavana mwenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ada na faini ziliingia katika hazina ya wenyeji, na hazina hiyo hiyo ndiyo iliyotoa mshahara wa mtemi, na wa karani wake, na gharama za kujenga baraza. Basi mtemi alikaa kuhukumu chini ya paa lililoezekwa kwa fedha za hazina yake, na faini aliyoitoza ilirudi katika hazina iliyomlipa. Sisemi kwamba kila mtemi alihukumu kwa tamaa. Wengi walisifiwa kwa haki. Nasema kwamba sheria haikumwekea ukuta baina ya mkono wa kuhukumu na mkono wa kupokea.

Hata hivyo utaratibu huo ulituachia jambo moja la thamani. Makarani wengi wa mabaraza waliandika kwa Kiswahili, hata katika nchi za bara ambako wadaiwa na wadai walisema lugha nyingine. Madai ya mahari, ya mashamba na ya ng'ombe yakapata nathari ya kisheria ambayo hapana kamusi iliyoitunga.

Sheria ya 1951 ilizigeuza kuwa mahakama za mahali na kuweka mahakama maalumu ya rufani. Mageuzi makubwa yakaja baada ya Uhuru: mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaleta Mahakama za Mwanzo, chini ya Mahakama Kuu. Mtemi akatengwa na kiti cha hukumu.

Lakini daftari halikupata bahati hiyo. Sheria ya 1984 iliamuru Kiswahili katika Mahakama za Mwanzo, na kumbukumbu za mahakama zilizo juu yake ziandikwe kwa Kiingereza, ingawa mazungumzo yaliweza kuwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwenye shauri alisikia kesi yake kwa lugha moja na kukabidhiwa hukumu kwa nyingine. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, Mfuko wa Mahakama ulioanzishwa kwa sheria ya 2011, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 zilishughulikia utunzaji, fedha na haki ya kuomba. Hazikugusa lugha ya hukumu. Hilo lilingojea mwaka 2021, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Hukumu za miaka ya katikati zimebaki kwa Kiingereza, na aliyeshindwa katika kesi ya shamba mwaka 1990 bado ahitaji mfasiri ajue sababu.