Kura tisa za usiku wa manane
Dixville Notch ni kijiji kidogo sana milimani, jimbo la New Hampshire, Marekani. Mwaka 1960 watu tisa walipiga kura pale saa sita kamili usiku, matokeo yakatangazwa papo hapo: Nixon 9, Kennedy 0. Yaani kura ya siri ilikosa siri! Na Kennedy ndiye akawa rais.

Sheria inaruhusu kituo kufungwa mapema wote walioandikishwa wakishapiga. Basi hakuna anayebaki kitandani. Mmoja akikosa, wenzake wanamngoja.

Baada ya 1968 kijiji kilifuata chama cha Republican, mpaka 2008 Obama alipopata 15 na McCain 6. Mwaka 2019 desturi hii ilikaribia kufa, watu hawakutosha hata kusimamia kituo. Akahamia mtu mmoja, ikaokoka.

Mwaka 2024 ilikuwa Harris 3, Trump 3. Vijana wa kikundi changu walicheka: "Sasa nani kashinda?" Mimi niliwaza zile kura sita, kila mwenye yake aliiona ikihesabiwa. Nyumbani nilitoka mtoto, na huku mkimbizi hapigi kura. Mimi nahesabiwa siku ya uhakiki na siku ya mgao.