Syokimau: Kituo cha reli kilichopewa jina la mtabiri

KABLA ya mhandisi yeyote kupima ardhi ya Ukambani kwa ajili ya reli, inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa jamii ya Wakamba alikuwa tayari ameiona katika maono yake.

Mwanamke huyo, Syokimau, anakumbukwa kama mtabiri aliyeishi Machakos katika karne ya 19. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka baharini huku akitoa moshi, na wageni wenye ngozi ya rangi ya nyama ambao wangetembea na moto mifukoni.

Hivi leo jina lake hutajwa kila siku na watu ambao pengine hawamfikirii kamwe: wafanyakazi wanaokata tiketi kuelekea katikati ya jiji la Nairobi, na wasafiri wanaowasili kutoka Mombasa.

Kituo cha Syokimau kiko katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, umbali wa takriban kilomita 16 kutoka stesheni kuu ya Nairobi. Ingawa ni kidogo, kinabeba mzigo mkubwa kuliko ukubwa wake.

Reli iliyohusishwa na utabiri huo ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Ilifika mahali palipokuja kuwa jiji la Nairobi mwezi Mei 1899, na kufikia ufuo wa Ziwa Victoria, Kisumu, mwezi Desemba 1901.

Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na takriban 2,500 kati yao walifariki kabla ya kazi kukamilika.

Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja magarimoshi yalikatiza nyanda za Athi bila Syokimau kuwa na kituo chake. Watu waliokuwa wakiishi hapo walikuwa wachache, na sehemu kubwa ya ardhi ilitumika kwa malisho.

Hali ilibadilika Nairobi ilipopanuka. Familia zilizotafuta viwanja vya bei nafuu zilivuka mpaka wa jiji na kujenga Syokimau, Mlolongo na Athi River, huku kazi na shule za wengi wao zikibaki Nairobi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba jiji hilo pekee lilikuwa na watu 4,397,073.

Matokeo yake yalionekana katika Barabara ya Mombasa. Barabara hiyo hiyo ilitumiwa na malori ya mizigo kutoka bandarini, magari ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, matatu na magari ya kibinafsi. Safari ya kilomita chache ikawa ya saa nzima au zaidi.

Ni katika mazingira hayo ambapo Rais wa wakati huo, Mwai Kibaki, alifungua kituo cha Syokimau mnamo Novemba 13, 2012. Kilitajwa wakati huo kuwa kituo cha kwanza kipya cha reli kujengwa nchini tangu uhuru.

Lengo lilikuwa rahisi kueleweka. Mkazi angeacha gari lake katika eneo la maegesho kituoni, apande garimoshi, na kufika mjini bila kukumbana na msongamano. Njiani, garimoshi lingehudumia pia vituo vya Imara Daima na Makadara.

Huduma hiyo imekuwa ikiegemea zaidi saa za asubuhi, watu wanapoenda kazini, na saa za jioni wanaporejea nyumbani. Idadi ya safari haiwezi kuongezwa kiholela, kwa kuwa reli ya zamani ina njia moja. Magarimoshi yanayotoka pande mbili hulazimika kupishana mahali palipotengwa, moja likisubiri jingine lipite.

Umuhimu wa Syokimau uliongezeka maradufu mwaka wa 2017. Mei 31 mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alizindua huduma ya abiria ya Madaraka Express katika reli mpya ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, na stesheni yake ya Nairobi ikajengwa papo hapo Syokimau.

Reli hizo mbili haziwezi kutumiwa na garimoshi moja. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya vyuma vyake, ilhali ile mpya ina milimita 1,435. Kwa sababu hiyo, garimoshi la Mombasa haliwezi kuendelea hadi stesheni ya zamani iliyo katikati ya jiji, na abiria hulazimika kushuka na kutafuta njia nyingine ya kumalizia safari.

Garimoshi dogo la kuunganisha ndilo lililowekwa kuziba pengo hilo. Abiria anayefika akiwa na watoto na mizigo hutegemea ratiba za magarimoshi hayo mawili zipatane. Zisipopatana, kilomita za mwisho huweza kumgharimu pesa na muda ambao hakuupangia.

Mwaka wa 2020, Kenya ilinunua kutoka Uhispania magarimoshi ya dizeli yaliyowahi kutumika huko, na mwezi Novemba mwaka huo huduma za uchukuzi wa reli jijini zikazinduliwa upya. Magarimoshi hayo yana chumba cha dereva kila upande, hivyo hayahitaji injini kuhamishwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kabla ya kurudi.

Ushindani nao umeongezeka. Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma mwezi Mei 2022. Lakini barabara hiyo hulipiwa ada, na manufaa yake humfikia zaidi mwenye gari na uwezo wa kulipa kila siku.

Kwa kibarua wa Eneo la Viwanda, hesabu ni tofauti. Akifika akiwa amechelewa na kukuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine, hupoteza ujira wa siku nzima. Kwake, garimoshi linalofika kwa wakati ni sehemu ya mshahara.

Nyoka wa Syokimau alifika ziwani zamani, mwaka wa 1901. Kwa wanaosimama katika kituo chenye jina lake kila alfajiri, swali lililobaki ni iwapo atafika kwa wakati.